Dada wa Kazi na Mwenye Nyumba: Makubaliano ya Siku ya Kwanza

Katika nyumba nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe, mzazi hawezi kutoka kwenda kazini asubuhi mpaka mtu mwingine awe amewashika watoto. Mtu huyo huitwa dada wa kazi, yaya au mama wa kufua. Wengi wametoka mbali: Ganze, Kaloleni na Magarini katika Kaunti ya Kilifi, Kinango na Lunga Lunga katika Kwale, Taita Taveta, Ukambani, Magharibi mwa Kenya, na wengine Tanzania. Wameacha nyumba zao ili wakatunze nyumba za wengine.

Malalamiko yanayotoka katika nyumba hizi hufanana. Mwenye nyumba husema, "Nilimpokea kama mtoto wangu, akaenda kwao Krismasi asirudi." Mfanyakazi naye husema, "Niliambiwa mimi ni mtoto wa nyumba, lakini mwezi wa tatu ulipita bila mshahara." Kauli hizi mbili zina chanzo kimoja. Siku ya kwanza kila upande uliingia na matarajio yake moyoni, na hakuna aliyeyasema wala kuyaandika.

Somo hili linaeleza kwa nini matarajio hayo yamebadilika, sheria ya Kenya inataka nini, na namna ya kuandika makubaliano ya ukurasa mmoja yatakayomlinda mwenye nyumba na mfanyakazi pia.

1. Kazi ni ile ile, mambo yamebadilika

Kazi ya nyumbani katika Pwani ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni chungu. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wakati wa ukoloni, mwanamume mzima aliyefanya kazi ya jikoni aliitwa "boi" hata kama alikuwa na wajukuu. Watu hao hawakunyamaza siku zote. Mgomo mkuu wa Mombasa ulipoanza Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi, na pamoja na wale wa bandari na reli walikuwamo pia wa hotelini na majumbani.

Baada ya uhuru, njia iliyozoeleka zaidi ya kupata msaidizi ilikuwa ya undugu. Msichana aliletwa mjini na shangazi, mjomba au jirani wa kijijini. Alipewa chakula, mahali pa kulala na nguo za sikukuu, na pengine fedha kidogo zilizopelekwa kwa wazazi wake. Mwenye nyumba aliona kwamba anamlea. Wapo waliosomeshwa, wakafunzwa ushoni na hata wakaozwa kutoka katika nyumba hizo kwa heshima. Wapo pia waliofanya kazi miaka mingi wakarudi kwao mikono mitupu, kwa sababu haikuwahi kusemwa kwamba ile ilikuwa kazi.

Mambo kadhaa yamebadilisha hali hiyo.

La kwanza ni elimu. Shule za msingi za umma zilifanywa bila karo mwaka 2003, na karo ya masomo katika shule za upili za kutwa ikaondolewa mwaka 2008. Wafanyakazi wengi wa leo wamesoma. Wanaweza kusoma mkataba na kupiga hesabu ya siku walizofanya kazi.

La pili ni simu. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, mshahara unaweza kumfikia mfanyakazi mwenyewe bila kupitia mkono wa mjomba, na ujumbe unabaki kuwa ushahidi. Kwa simu hiyo hiyo, dada wa Mtopanga hujua mwenzake wa Bamburi analipwa kiasi gani.

La tatu ni makazi. Zamani karibu kila msaidizi alilala kwa tajiri wake. Siku hizi wengi wamepanga chumba Mshomoroni, Chaani au Mtongwe, huingia asubuhi na kutoka jioni. Mtu wa namna hiyo ana kodi ya kulipa, na pengine ana watoto wake wanaomngoja. Hawezi kuambiwa saa mbili usiku, "Subiri kidogo, wageni hawajala."

La nne ni upande wa waajiri. Wengi wao si matajiri kwa maana ya neno. Ni karani, muuguzi, mwalimu, mfanyakazi wa kiwanda au mwenye kibanda sokoni. Naye ana mwajiri wake anayemtaka afike kwa wakati. Dada asipotokea Jumatatu asubuhi, mama huyo yuko hatarini kupoteza kazi yake. Kwa hiyo matarajio yake pia yamepanda: anataka mtu wa kutegemewa, anayejua kumhudumia mtoto akipandwa na homa, na asiyeondoka bila kuaga.

2. "Mtoto wa nyumba" au mfanyakazi?

Maneno ya undugu yana thamani yake. Dada wa kazi kumwita mwenye nyumba "mama" au "shangazi", na watoto kumwita yeye "dada" au "anti", ni adabu njema. Hakuna sheria inayokataza watu kupendana.

Tatizo huja pale undugu unapotumiwa kujibu swali la mshahara. Mtoto wa nyumba haulizi mwisho wa mwezi. Mtoto wa nyumba hadai siku ya mapumziko. Lakini mtoto wa nyumba wa kweli hafukuzwi kwa kuvunja sahani, wala hali jikoni peke yake wenzake wakiwa mezani. Mtu akipewa majukumu ya mfanyakazi na kunyimwa haki zake kwa jina la undugu, amekosa vyote viwili.

Kwa sheria ya Kenya jibu liko wazi. Anayefanya kazi kwa mwingine kwa malipo ni mwajiriwa, awe ofisini au jikoni. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Binti wa ndugu aliyeletwa afue, apike na alee kwa mshahara naye amo ndani ya sheria hiyo.

3. Sheria inataka nini

*Mkataba.* Kazi itakayofika miezi 3 au zaidi inapaswa kuwa na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha iliyotumika, ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Wengi hawajui jambo moja hapa: kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba, ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba madai ya mfanyakazi kuhusu masharti ya kazi si kweli. Asiyeandika hujiweka pabaya mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

*Mshahara.* Agizo la mishahara lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani na yaya katika miji mikuu, Mombasa ikiwemo. Asiyepewa mahali pa kulala huongezwa marupurupu ya nyumba, asilimia 15 ya mshahara huo. Viwango hubadilika kila agizo jipya linapotoka, kwa hiyo ni vyema kuuliza ofisi ya leba kabla ya kuandika mkataba.

*Saa za kazi.* Wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku 6. Siku ya saba ni ya mapumziko. Saa zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu ya umma hulipwa mara mbili.

*Likizo.* Baada ya kila miezi 12, mfanyakazi ana haki ya siku 21 za kazi za likizo yenye malipo. Akiondoka kabla ya mwaka kwisha, lakini baada ya angalau miezi 2, huhesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi. Aliyefanya kazi miezi 10 ana siku 17 na nusu. Likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili. Kumfukuza mtu kwa sababu ana mimba ni ubaguzi.

*Ugonjwa.* Baada ya miezi 2 kazini, mfanyakazi aliyeugua na kuleta cheti cha daktari ana haki ya siku 7 za mshahara kamili na siku 7 nyingine za nusu mshahara kwa mwaka.

*Makato.* Mwajiri hana ruhusa ya kukata anavyotaka. Kwa kitu kilichovunjika au kupotea, sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale tu hasara ilipotokana na makosa ya kukusudia. Glasi iliyoteleza mkononi wakati wa kuosha vyombo si kosa la kukusudia. Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

*Kuachana.* Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya maandishi ya siku 28, au hulipwa mshahara wa siku hizo. Sheria hii inawabana wote wawili. Dada anayetaka kuacha kazi naye anapaswa kutoa notisi. Kama kuna tuhuma ya kosa, mwajiri ni lazima amweleze mfanyakazi kosa lenyewe kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, mwenzake au mwakilishi wa chama chake akiwepo, kabla ya kumwachisha.

4. Hesabu mezani

Chukua mfano wa dada anayelala kwa mwajiri na kulipwa kima cha chini cha shilingi 16,113.75. Makato ya lazima kwa mwezi ni haya:

- NSSF, asilimia 6: shilingi 966.83
- Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75: shilingi 443.13
- Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5: shilingi 241.71

Jumla ya makato ni shilingi 1,651.67. Mkononi hupata shilingi 14,462.08. Hakatwi kodi ya mapato, kwa kuwa mshahara wake hauzidi shilingi 24,000 kwa mwezi.

Mwajiri naye huongeza kutoka mfukoni mwake shilingi 966.83 za NSSF na shilingi 241.71 za ada ya nyumba. Kwa hiyo gharama yake yote ni shilingi 17,322.29.

Kwa dada anayekwenda na kurudi, marupurupu ya nyumba ni shilingi 2,417.06, na mshahara kabla ya makato unakuwa shilingi 18,530.81.

Je, saa 52 zinatosha kuendesha nyumba? Chukua ratiba hii. Jumatatu hadi Ijumaa, dada anaanza saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, anapumzika, kisha anarudi jikoni saa 10 hadi saa 12 jioni. Hizo ni saa 9 kwa siku, sawa na saa 45. Jumamosi anafanya kazi saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, saa 7 zaidi. Jumla ni 52. Chakula cha usiku kimeiva, na watu wazima wanaweza kujipakulia wenyewe.

Ikiwa kuna arusi au wageni na dada akabaki saa 3 zaidi, saa hizo zina bei. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 kupata malipo ya saa moja, karibu shilingi 72. Saa ya ziada ni kama shilingi 107, na saa 3 ni kama shilingi 322. Fedha hizi si nyingi kwa mwenye sherehe, lakini kwa aliyesimama jikoni hadi usiku zinaonyesha kwamba jasho lake limehesabiwa.

5. Mkataba wa Riyadh na mkataba wa Kisauni

Familia nyingi za Likoni na Kisauni zina binti au dada aliyewahi kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Oman. Mateso ya baadhi yao yanajulikana. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati, na mwaka 2017 ikaufungua tena kwa mawakala waliokaguliwa upya. Safari hizo zimewafundisha watu wa Pwani kuuliza maswali kabla binti hajapanda ndege. Mkataba uko wapi? Mshahara ni kiasi gani? Nani atashika pasipoti? Siku ya mapumziko ni ipi? Akiugua itakuwaje?

Kanuni za Saudi Arabia za mwaka 2013 ziliweka saa 9 za mapumziko kila siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na likizo ya mwezi mmoja yenye malipo baada ya miaka 2. Mzazi wa Likoni huona uchungu akisikia masharti hayo yamevunjwa, na ana haki ya kuona uchungu. Lakini sheria ya Kenya inampa mfanyakazi likizo kila mwaka, tena ya siku 21. Swali la kila nyumba ni hili: binti wa Kinango anayelea watoto wa nyumba hiyo amepewa hata yale ambayo mzazi angeyadai kwa mwajiri wa Riyadh?

Kitambulisho ni mfano mzuri. Watu hulaani mwajiri wa ng'ambo anayefungia pasipoti kabatini. Hapa nyumbani, baadhi ya waajiri hushika kitambulisho cha dada "asije akatoroka". Nakala inatosha. Kitambulisho chenyewe kirudishwe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Waliorudi kutoka Ghuba wameleta pia ujuzi. Wanajua mashine za kisasa, wanajua kazi ya ratiba, na wanajua kuuliza. Mwajiri asiudhike dada akiuliza, "Mama, siku yangu ya kupumzika ni ipi?" Hilo ni swali la mfanyakazi anayejua kazi yake.

6. Mwajiri mwenye mfuko mdogo

Hapa ndipo penye ugumu. Mama anayepata shilingi 25,000 kwa mwezi hawezi kutoa 17,000 na bado akalipa kodi na chakula. Ndiyo maana nyumba nyingi hulipa chini ya kima, na pande zote mbili hunyamaza kwa sababu kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Hata hivyo, kima cha chini hakishuki kwa sababu mwajiri hana kitu. Wala dada akikubali kulipwa pungufu, haki yake haifutiki. Anaweza kudai malimbikizo baadaye, na muda wa kufungua kesi ya ajira ni miaka 3. Anayelipa nusu kimyakimya anajiwekea deni ambalo haliandikwi popote mpaka siku litakapodaiwa lote kwa pamoja.

Zipo njia za halali za kupunguza gharama. Ya kwanza ni kupunguza kazi badala ya kupunguza haki: dada aje siku 3 kwa wiki, alipwe kwa siku hizo kwa kiwango kisichopungua cha sheria, na siku nyingine awe huru kufanya kazi kwingine. Ya pili ni majirani wawili kushirikiana mfanyakazi mmoja, kila nyumba na siku zake na makubaliano yake ya maandishi. Ya tatu ni kituo cha kulelea watoto mchana, ili kazi inayobaki nyumbani iwe ya kufua na usafi tu. Katika Jedwali la Nne la Katiba, vituo vya kulelea watoto ni jukumu la serikali za kaunti. Ni jambo ambalo wananchi wanaweza kuliuliza katika vikao vya kujadili bajeti ya kaunti.

7. Ukurasa mmoja wa siku ya kwanza

Mazungumzo yafanyike kabla dada hajafungua begi lake. Mwenye nyumba anaweza kuanza hivi: "Dada, karibu. Kabla ya kazi, tukae tuelewane." Naye dada ajibu bila woga: "Ahsante, mama. Nami nina ya kuuliza." Kisha haya yaandikwe kwa Kiswahili chepesi:

1. Majina na nambari za vitambulisho vya wote wawili, na tarehe ya kuanza kazi.
2. Kazi zenyewe. Kulea watoto wangapi, wa umri gani? Kupika, kufua, usafi? Je, duka la mwenye nyumba limo? Kama halikuandikwa, halimo.
3. Saa za kuanza na kumaliza, na siku ya mapumziko. Iwe Ijumaa au Jumapili, kwa imani na mapatano yao.
4. Mshahara, tarehe ya kulipwa na njia. Uende katika simu au benki ya mfanyakazi mwenyewe.
5. Makato ya lazima na nambari zake za NSSF na SHA.
6. Malazi na chakula. Anayelala ndani apewe mahali pa heshima penye mlango wa kufungwa. Sakafu ya jikoni au sebule wanamopita wanaume si mahali pa kulala.
7. Simu, wageni na kamera. Simu isishikwe wakati wa kumwogesha mtoto au mafuta yakiwa motoni, lakini jioni ni yake. Kama kuna kamera, aambiwe zilipo, na zisiwekwe bafuni wala chumbani kwake.
8. Dharura. Mtoto akiugua aitwe nani, aende hospitali gani, na fedha za dharura ziko wapi. Na dada akiugua, ndugu yupi apigiwe simu?
9. Likizo na notisi. Kama anataka kwenda kwao Krismasi au Idd, mwezi gani atakumbusha, na tarehe gani atarudi.

Wote watie sahihi au alama ya kidole, na kila mmoja abaki na nakala yake. Daftari dogo la kuandika siku za kazi, saa za ziada na malipo litasaidia kumaliza ubishi kabla haujaanza.

Tazama namba 9. Lile lalamiko la dada aliyeondoka Krismasi asirudi mara nyingi huzaliwa Agosti, anapoogopa kuuliza, au anapojibiwa, "Tutaona." Mtu asiyejua kama atapewa likizo hujipa mwenyewe.

8. Mtoto asiajiriwe

Katiba inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na inampa haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na ulinzi dhidi ya kazi za unyonyaji au za hatari. Kumtoa msichana wa miaka 14 Magarini ili alee mtoto Changamwe, shule ikiendelea bila yeye, ni kuvunja haki hiyo, hata kama wazazi wamekubali na hata kama ni mtoto wa ndugu.

Mwajiri aombe kuona kitambulisho kabla ya kuandika mtu kazi. Asiyekuwa nacho, umri wake uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa. Anayemfahamu mtoto anayetumikishwa anaweza kupiga simu ya bure 116, au kumwarifu chifu au afisa wa watoto.

9. Mambo yakiharibika

Mzozo mwingi humalizika kwa kukaa chini na kusoma ukurasa ule ule uliotiwa sahihi. Ukishindikana, mzee wa mtaa au chifu anaweza kupatanisha, lakini hana mamlaka ya kufuta haki iliyo katika sheria.

Viwango vya kazi viko chini ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Kwa hiyo malalamiko ya mshahara, likizo au kufukuzwa hupelekwa kwa afisa wa leba, Mombasa. Mfanyakazi aende na kitambulisho, mkataba kama upo, ujumbe wa M-Pesa na daftari lake. Mwajiri naye anaweza kwenda huko kuuliza kabla hajafanya kosa. Ofisi hiyo si ya upande mmoja.

Chama cha KUDHEIHA huwaandikisha wafanyakazi wa majumbani na kuwasimamia katika madai. Mashirika kama FIDA Kenya na Kituo Cha Sheria yana ofisi Mombasa na hutoa msaada wa kisheria. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo ina kituo Mombasa.

Kupigwa, kufungiwa ndani au kudhulumiwa kimapenzi si mzozo wa kazi, ni jinai. Mambo hayo hayapatanishwi sebuleni. Hupelekwa polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya bure ya waliodhulumiwa kijinsia ni 1195. Vivyo hivyo, mfanyakazi anayeshukiwa kuiba au kumdhuru mtoto apelekwe polisi. Asipekuliwe mwilini, asipigwe, wala mshahara wake wa siku alizofanya kazi usizuiwe uwe adhabu.

Maswali ya kujadili katika chama, baraza au nyumba ya ibada

1. Dini zote kuu za Pwani zinahimiza mfanyakazi alipwe bila kucheleweshwa. Ni sababu zipi hufanya mshahara wa nyumbani uwe wa mwisho kulipwa, na nini kifanyike?
2. Mwenye nyumba anampeleka binti wa ndugu yake shule ya jioni na kumlipia karo, badala ya mshahara. Je, hilo ni malezi au ni ajira? Nini kinapaswa kuandikwa?
3. Dada amefanya kazi miezi 8 kisha akaacha kwa notisi ya siku 28. Anadai siku ngapi za likizo? (Jibu: 1.75 mara 8, sawa na siku 14.)
4. Majirani wawili wa Mtongwe wanataka kushirikiana mfanyakazi mmoja. Wapange vipi siku, malipo na michango ya NSSF ili asidhulumiwe wala wao wasigombane?
5. Ni jambo gani moja ambalo nyumba yako haijaliandika, na lingeweza kuandikwa jioni ya leo?